KIWANDA, MSHAHARA NA UKOO
Maelezo ya historia kwa wazee na wanachama



Ni desturi ya taarifa ya kila mwaka kuonyesha hesabu za mapato na matumizi, majina ya wenzetu waliotutoka, na kazi zilizotendwa na halmashauri. Mwaka huu tumeona vema kuongeza kurasa chache za historia, kwa sababu liko jambo moja linalorudi katika kila mkutano wetu wala halijapata jibu. Wako wanaosema kwamba chama kiliundwa ili kusafirisha maiti na kuwafariji waliofiwa, na kwamba fedha zake zisiguswe kwa haja nyingine. Wako wengine, aghalabu vijana, wasemao kwamba mtu aliye hai naye ana haki: aliyeachishwa kazi, aliyelazwa hospitali, au ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Pande zote mbili husema maneno yenye uzito, na kila mara twaagana bila kukata shauri.

Twadhani haitakuwa rahisi kuamua kabla ya kufahamu vyama kama hiki vilitoka wapi na ni shida gani iliyovizaa. Shida hiyo ilianza pale watu walipoacha kuishi kwa jembe na ufundi wa nyumbani, wakaanza kuishi kwa mshahara wa kiwanda, wa reli na wa bandari. Habari zake ni ndefu, zaanzia mbali na kwetu. Tutazieleza kwa kadiri ya nafasi tuliyo nayo.

HALI YA WATU KABLA YA VIWANDA

Miaka mia tatu iliyopita nguo zilifumwa majumbani, huko Ulaya kama huku Afrika. Katika wilaya ya Lancashire, Uingereza, mke na binti walisokota uzi, mume akaketi penye kitanda cha mfumi, na watoto wadogo wakachambua pamba au sufi. Wengi wao walikuwa na kishamba na ng'ombe mmoja au wawili. Walifanya kazi sana, na umaskini walikuwa nao. Lakini saa ya kuanza na saa ya kupumzika ziliamuliwa nyumbani. Mafundi wengi walikuwa na desturi ya kutofanya kazi siku ya Jumatatu, nao wakaiita kwa mzaha Jumatatu Takatifu.

Huku kwetu nako ufundi ulikuwapo. Watu wa Ufipa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, walifuma nguo za pamba yao wenyewe. Wahunzi wa Samia, karibu na ziwa, waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali kwa Waluhya na Wajaluo, na jembe hilo likatumika hata katika mahari. Kazi hizi zilikuwa mali ya ukoo. Baba alimfundisha mwanawe, na mzee aliyeshindwa kufua chuma hakukosa chakula, kwa maana ukoo ndio uliokuwa bima yake, na shamba ndilo lililokuwa pensheni yake.

MITAMBO YAANZA UINGEREZA

Yapata mwaka 1764 mtu mmoja wa Lancashire, jina lake James Hargreaves, alibuni chombo cha kusokota nyuzi nyingi kwa mara moja. Mwaka 1769 James Watt alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake uliofanya injini ya mvuke itumie makaa machache kuliko zamani. Mwaka 1771 Richard Arkwright akajenga kinu cha kusokota pamba mahali paitwapo Cromford, kikiendeshwa kwa nguvu ya maji. Mwaka 1785 mtambo wa kufuma wa Edmund Cartwright ukapata hati yake. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja kazi ikatoka nyumbani ikaingia kiwandani.

Mtambo haungoji mtu. Ukiwashwa, sharti kila mmoja awe mahali pake. Kwa hiyo ikaja kengele, ikaja saa ya ukutani, ikaja faini kwa aliyechelewa. Jumatatu Takatifu ikapigwa vita na wenye viwanda. Mtu ambaye babu yake alihesabu kazi kwa vitambaa alivyomaliza, sasa alihesabu saa alizosimama. Hilo ndilo badiliko kubwa la kwanza, nasi tulio makarani, makuli na mafundi tunalifahamu vizuri.

Badiliko la pili liliwapata mafundi wa zamani. Wafumaji wa mkono, waliokuwa watu wenye heshima na mapato mema, waliona bei ya kazi yao ikishuka mwaka hata mwaka, mpaka wengi wao wakapata chini ya nusu ya mapato ya awali. Kati ya mwaka 1811 na 1816 makundi ya mafundi waliojiita wafuasi wa Ludd walivunja mitambo usiku kwa nyundo. Bunge likajibu mwaka 1812 kwa sheria iliyoweka adhabu ya kifo kwa mwenye kuvunja mtambo. Watu hao mara nyingi hutajwa kama wajinga waliopinga maendeleo. Twaona si haki. Walijua sana thamani ya ufundi wao. Jambo walilolipinga ni kunyang'anywa riziki bila mtu ye yote kuwauliza wataishije.

MIJI, MARADHI NA WATOTO

Viwanda vilivuta watu kama mto uvutavyo maji ya vijito. Mwaka 1801 mji wa Manchester haukufikia watu 100,000. Mwaka 1851 ulikuwa na zaidi ya 300,000. Katika hesabu ya watu ya mwaka huo wa 1851 ilionekana, kwa mara ya kwanza, kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Uingereza na Wales waliishi mijini. Nyumba zilijengwa haraka, zikagusana mgongo kwa mgongo, pasipo mifereji ya maji machafu wala vyoo vya kutosha. Kipindupindu kikaingia mwaka 1831, kikarudi mwaka 1848.

Mwaka 1842 Edwin Chadwick alitoa taarifa mashuhuri juu ya afya ya wafanya kazi. Alionyesha kwamba katika jamaa za vibarua wa Manchester wastani wa umri wa kufa ulikuwa miaka 17, ilhali katika wilaya ya mashamba ya Rutland vibarua walifikia wastani wa miaka 38. Wastani huo ulishushwa hivyo hasa na wingi wa watoto wachanga waliokufa. Aliyekuwa na mshahara mkubwa zaidi mjini alizika watoto wengi kuliko yule maskini wa shamba.

Watoto waliopona walipelekwa kazini. Vinu vya kwanza vilichukua hata watoto yatima kutoka London, wakafanya kazi kwa chakula na malazi tu. Ndipo mwaka 1833 Bunge lilipokataza watoto wa chini ya miaka 9 wasiajiriwe katika vinu vya nguo, likaweka mpaka wa saa 48 kwa juma kwa wale wa chini ya miaka 13, na likateua wakaguzi wanne kwa nchi nzima. Mwaka 1842 wanawake na wavulana wa chini ya miaka 10 wakakatazwa kufanya kazi chini ya ardhi katika machimbo. Mwaka 1847 saa za wanawake na vijana katika vinu zikawekewa mpaka wa 10 kwa siku. Kila sheria ya hizo ilidaiwa kwa miaka mingi, na kila mara walitokea watu wa kusema kwamba biashara itaharibika. Haikuharibika.

FAIDA ZILIZOPATIKANA

Haifai tuseme mabaya tu. Nguo ya pamba, iliyokuwa ghali, ikawa nafuu hata maskini akapata shati la kubadili, na usafi ukaongezeka. Tangu katikati ya karne hiyo mishahara ya wafanya kazi wengi wa Uingereza ilianza kupanda kweli. Sheria ya afya ya mwaka 1848 ikafungua njia ya maji safi na mifereji. Sheria ya mwaka 1870 ikaeneza shule za msingi. Mtoto wa mfanya kazi akapata kusoma gazeti, na hatimaye baba yake akapata haki ya kupiga kura. Wajukuu wa wale walioishi katika vyumba vya chini ya nyumba za Manchester waliishi maisha marefu na mazuri kuliko babu zao.

Lakini tuangalie vema: faida hizo hazikutoka kwenye mtambo zenyewe kama maji yatokayo chemchemini. Mtambo uliongeza mali. Kugawanya mali hiyo kulitaka sheria, kulitaka vyama, na kulitaka watu waliokubali kufungwa. Tangu 1799 na 1800 sheria zilikataza wafanya kazi wasiungane kudai mshahara. Zikafutwa mwaka 1824. Hata baada ya hapo, mwaka 1834, vibarua 6 wa shamba katika kijiji cha Tolpuddle walihukumiwa kupelekwa Australia kwa kosa la kula kiapo cha chama chao. Watu walipopiga kelele nchi nzima, wakasamehewa mwaka 1836.

SANDUKU LA KUFULI TATU

Sasa twafika mahali panapotuhusu sisi hasa. Mtu aliyehama kijiji chake akaingia mji wa viwanda alikuwa ameacha nyuma jirani, mjomba na shangazi. Akiugua, nani atamlisha? Akifa, nani atamzika? Mwaka 1834 serikali ya Uingereza ilibadili sheria ya maskini, na mwenye kutaka msaada akatakiwa kuingia nyumba ya maskini, ambamo mume na mke walitenganishwa. Na kwa sheria ya mwaka 1832, maiti wa nyumba ya maskini asiyedaiwa na ndugu aliweza kupewa madaktari wampasue kwa masomo yao. Kwa hiyo watu waliokuwa wakipata shilingi chache kwa juma walitoa senti zao ili wapate kuzikwa kwa heshima. Matajiri wengine waliwacheka, wakisema maskini wapoteza fedha kwa jeneza. Hawakujua hofu iliyokuwamo ndani ya mioyo ya watu hao.

Hivyo vikastawi vyama vya kusaidiana: mwanachama hutoa kiasi kidogo kila juma au kila mwezi, naye hupewa posho akiugua, na jamaa zake hupewa fedha za mazishi. Bunge lilivitambua kwa sheria mwaka 1793. Hazina iliwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zikashikwa na watu watatu mbalimbali, ili sanduku lisifunguke mpaka wote watatu wahudhurie. Masanduku hayo yako hata leo katika majumba ya makumbusho ya Uingereza.

Vyama vingi vya namna hiyo vilianguka, na sababu zake zafaa kusomwa na kila halmashauri. Sababu ya kwanza ni udanganyifu wa washika fedha na uchache wa hesabu. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sababu ya pili ilikuwa ya siri zaidi. Chama kilianzishwa na vijana, wote wakatoa mchango sawa, na kwa miaka ishirini hazina ikaonekana imejaa, kwa kuwa vijana hawaugui sana wala hawafi sana. Kisha wote wakazeeka pamoja. Madai yakaja kwa wingi, na vijana wapya wakaona afadhali waunde chama chao kuliko kubeba mzigo wa wazee. Chama kikavunjika wakati ule ule wazee walipokihitaji, baada ya kutoa mchango maisha yao yote.

Wengine walitafuta njia pana zaidi. Katika mji wa Rochdale, karibu na Manchester, watu 28 hivi, wakiwamo wafumaji, walikusanya pauni 28, kila mmoja akitoa pauni yake polepole kwa senti. Tarehe 21 Desemba 1844 walifungua duka dogo katika njia iitwayo Toad Lane, wakauza unga, siagi, sukari na mishumaa. Masharti yao yalikuwa machache: bidhaa safi na kipimo cha haki, kununua kwa fedha taslimu, kila mwanachama kura moja, mwanamume au mwanamke, faida kugawanywa kwa kadiri ya manunuzi, na baadaye fungu fulani la faida kutengwa kwa elimu. Kutoka duka hilo ushirika ulienea duniani, na ukafika Kenya, ambako sheria ya mwaka 1945 ilifungua mlango kwa wakulima Waafrika kuandikisha vyama vyao.

JINSI MAMBO HAYO YALIVYOTUFIKIA

Watu wengine hudhani kwamba kiwanda kilitufikia siku jengo la kwanza la mabati lilipojengwa Nairobi. Kilitufikia mapema zaidi, kwa njia ya nguo. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mapatano ya biashara na Sayyid Said, na merikebu za Salem zikaleta Unguja kitambaa kigumu cheupe kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Watu wakakiita merikani, na jina hilo limebaki katika lugha yetu. Misafara ilikichukua bara kikawa kama fedha. Polepole nguo za nje zikawashinda wafumaji wa Ufipa, na majembe ya nje yakawashinda wahunzi wa Samia. Lililowapata wafumaji wa Lancashire likawapata na mafundi wetu, ila wetu hawakuwa na kiwanda karibu cha kuwaajiri.

Kisha Lancashire yenyewe ikapata njaa ya pamba. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilikata pamba, vinu vikasimama, na maelfu wakakosa kazi. Wenye viwanda hawakusahau. Mwaka 1902 wakaunda chama cha kukuza pamba katika nchi zilizo chini ya Uingereza, na mara pamba ikapandwa Uganda, ikavuka ziwa hadi Kisumu, ikapakiwa katika gari la moshi kwenda Mombasa.

Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Wafanya kazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Reli ilipokwisha ilihitaji watu wa kuitengeneza, wa kupakia na kupakua, na mashamba ya walowezi yakahitaji vibarua. Wenyeji hawakuona sababu ya kuacha mashamba yao. Ndipo kodi ya nyumba ikatozwa tangu 1901, na baadaye kodi ya kichwa, zote zilipwe kwa fedha, na fedha hazikupatikana ila kwa kazi ya mshahara au kwa kuuza mazao. Na tangu 1920 hivi kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuchukua kipande chenye alama za vidole, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Wazee wetu wengi walisimuliwa na baba zao uchungu wa kijaluba kile.

Hapa pana tofauti kubwa na Uingereza. Kule kiwanda kilimchukua mtu pamoja na jamaa yake, hata watoto wakaumia ndani yake. Huku kazi ilimchukua mume peke yake, ikawaacha mke na watoto nyumbani.

MSHAHARA WA MTU MMOJA

Kutokana na tofauti hiyo ukazaliwa mshahara wa mtu mmoja. Waajiri walisema kwamba Mwafrika ana shamba kwao, na mkewe hulima. Basi alipwe kadiri ya kumtosha yeye mwenyewe, apewe kitanda katika chumba cha watu wengi, na akichoka arudi kwao. Kwa maneno mengine, mke aliyekuwa akilima kijijini alikuwa akisaidia kulipa gharama za bandari na reli, wala jina lake halikuandikwa katika daftari lo lote la mshahara. Alishika jembe lake na la mumewe. Alisimamia mifugo, alilea watoto, aliwatunza wakwe. Twaomba wanachama walifikirie jambo hili kila tunapojadili nafasi ya wanawake katika chama.

Mjini nako hali ilikuwa ngumu. Mwaka 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na dai lao kubwa lilikuwa nyumba na kodi ya nyumba. Bei zikapanda wakati wa vita. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 wa bandari, reli, hoteli na majumbani waliacha kazi kwa siku kumi na zaidi. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, watu wa bara na wa pwani, Waislamu na Wakristo pamoja. Chama chao kikaongozwa na Chege Kibachia, ambaye alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule akahamishwa Baringo. Lakini baraza lililoongozwa na Jaji Thacker likawapa wengi nyongeza.

Mwaka 1954 tume iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri wazi kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini walioajiriwa na makampuni hawakupata mshahara wa kutosheleza mahitaji ya lazima. Ikapendekeza kwamba mshahara wa chini ukadiriwe kwa mahitaji ya mume, mke na watoto wawili. Hati hiyo ya serikali ilimtazama mfanya kazi kama mtu mwenye nyumba.

Wakati huo ukoo ulikuwa umekwisha kubadilika. Kijana aliyepata mshahara hakungoja tena ng'ombe wa baba yake ili aoe. Mahari ikahesabiwa kwa shilingi. Neno la mzee lilipungua nguvu mbele ya noti. Wazee waliona hayo kama utovu wa adabu, na mara nyingine ulikuwa utovu wa adabu kweli. Lakini kijana naye alibeba mzigo mpya: ndugu wote walimtazama yeye, na mshahara uliopimwa kwa mtu mmoja ukagawanywa kwa watu kumi.

VYAMA VYA MIJINI

Katika shida hiyo ndipo vyama vyetu vilipozaliwa. Mwaka 1923 upande wa ziwa kilianzishwa chama cha maslahi ya walipa kodi wa Kavirondo, kwa msaada wa Arkidikoni Walter Owen; wanachama wake waliahidi kupanda miti, kuchimba vyoo na kuua panya, nao walipeleka malalamiko juu ya kodi na kazi. Baadaye kila mji wa Afrika Mashariki ulijaa vyama vya watu wa kwao: vya kupokea wageni, kupatanisha waliogombana, kuwatunza wagonjwa, kukusanya karo, na juu ya yote kumrudisha marehemu azikwe penye kaburi la baba zake. Walifanya lile lile walilofanya watu wa Lancashire, ingawa wengi hawakuwahi kusikia habari za Lancashire.

Vyama hivyo vilikuwa na hatari yake pia. Vingine vilikua vikubwa, vikaingia katika siasa za kabila dhidi ya kabila. Na mwaka 1980 serikali iliamuru vyama vikubwa vya kikabila vivunjwe. Tukumbuke Kiwanja cha Maskini. Pale hakuna aliyeulizwa anatoka wapi, na ndiyo sababu sauti yao ilisikika.

BAADA YA UHURU

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 serikali ilichukua sehemu ya mzigo huo. Mfuko wa akiba ya wafanya kazi ulianzishwa mwaka 1965, na mfuko wa bima ya hospitali mwaka 1966. Huu wa pili nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii mwaka 2024. Viwanda vya nguo, sukari na karatasi vilijengwa hata nje ya Nairobi na Mombasa, na miji kama Webuye ikakua kwa sababu yake. Kisha, tangu miaka ya 1990, masoko yalipofunguliwa na nguo za mitumba kuingia kwa wingi, vinu vingi vya nguo vilisimama, Kicomi cha Kisumu kikiwa kimoja. Rivatex ya Eldoret ilifungwa, ikafufuliwa na Chuo Kikuu cha Moi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama mwaka 2009. Aliyeona mji wa kiwanda kilichofungwa ajua kwamba kufungwa kwake huumiza watu kama kufunguliwa kwake kulivyowabadili: duka hukosa wateja, shule hukosa karo, na nyumba za kupanga hubaki tupu.

Upande mwingine, sheria ya mwaka 1990 iliruhusu maeneo ya viwanda vya kuuza nje, kama pale Athi River, na tangu Marekani ilipofungua soko lake mwaka 2000, maelfu, wengi wao wanawake, wameshona nguo za kuvaliwa huko. Nchi iliyotuletea merikani imeshonewa nguo na binti zetu. Naye binti huyo, kama mwenzake wa Manchester zamani, huamka kabla ya jua, hulipa kodi ya chumba kimoja, na hutuma sehemu ya mshahara nyumbani kwa simu. Na katika watu wenye kazi nchini, zaidi ya wanane katika kila kumi wako katika kazi za jua kali na biashara ndogo, wasio na mwajiri wa kuwakatia akiba.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kutokana na hayo yote twapenda kuweka mbele ya mkutano mkuu mambo manne.

Kwanza, wanaotetea mazishi wasidharauliwe. Tamaa ya kuzikwa kwa heshima ndiyo iliyowaunganisha maskini kila mahali, na hazina ya mazishi isiguswe kwa jambo jingine.

Pili, chama kinachomhesabu mwanachama siku ya kufa tu kitawapoteza vijana, na chama bila vijana ndicho kilichoanguka kule Uingereza wazee wakiwa wamesimama mlangoni. Kwa hiyo twashauri uundwe mfuko wa pili, wenye daftari lake na mchango wake, kwa ajili ya ugonjwa, karo na kuachishwa kazi. Mfuko wa mazishi wahitaji vijana wakae; mfuko wa pili ndio utakaowafanya wakae.

Tatu, hesabu. Siku hizi fedha zetu hupita katika simu, na sanduku la kufuli tatu halionekani tena. Lakini maana yake yabaki ile ile. Fedha zisitoke kwa idhini ya mtu mmoja, na kila mwanachama apate kusoma daftari akitaka.

Nne, wake na dada zetu waliobaki nyumbani wakati mshahara ulipokuwa wa mtu mmoja walikwisha kulipa ada yao kwa jembe. Wapewe kura moja kila mmoja, kama walivyofanya watu wa Toad Lane.

Wazee wetu, ninyi mwajua ukoo ulivyokuwa kabla mshahara haujaugawa. Vijana wajua kiwanda kilivyo sasa. Chama hiki ni mahali pachache ambapo pande hizo mbili huketi katika chumba kimoja na kusikilizana. Twaomba shauri likatwe mwaka huu, kwa kura, na lolote litakaloamuliwa liandikwe katika kumbukumbu na kutendwa.